Shangazi, nimekuja Granada kusoma au kuzurura?

Shikamoo Shangazi,

Kwanza usinicheke. Mi ni binti wa miaka 22, kwetu Tanga, nipo Granada huku Uhispania tangu Februari, muhula mmoja tu wa kubadilishana wanafunzi kati ya chuo chetu na cha huku, mwezi wa saba narudi nyumbani. Masomo siyo tatizo, namshukuru Mungu. Tatizo ni hizi wanazoita shughuli za utamaduni.

Kila Jumatatu tunatumiwa ratiba ya wiki, mara matembezi ya mji wa kale, mara kupika paela, mara usiku wa flamenko, ngoma yao ya huku, mara kupanda mlima. Mwanzoni nilikuwa naenda zote za bure, sichagui. Ila Shangazi, kila kitu huku kinaishia baa. Tukianza kanisani tunaishia baa, tukianza makumbusho tunaishia baa, hata siku ya mlima tulishuka moja kwa moja baa na matope yetu. Mi nakaa pembeni na juisi yangu, wenzangu wanaongea Kihispania cha mbio na Kiingereza cha utani, wakicheka na mi nacheka, sijui tunachekea nini. Siku moja ukaja ule msosi wa bure unaoletwa na kinywaji, nimeshapeleka mdomoni kabisa dada mmoja wa Kiitaliano akanidaka mkono, hiyo nguruwe! Nikarudisha sahanini, meza nzima kimya, nikajiona mimi ndo nimewaharibia watu starehe. Ramadhani nayo ikaja nikafunga mwenyewe, nafuturu chumbani tende na uji wa pakti, mama akipiga simu namwambia nipo na wenzangu.

Nikasema basi angalau Alhambra niione, ile ngome ya wafalme wa Kiislamu wa zamani. Tiketi alinikatia rafiki yangu Mkongo aliyekulia Ubelgiji, akaniandikia wasap "unaingia saa kumi, usichelewe". Nikafua, nikala mchana, nikavaa nikapendeza, saa tisa na nusu alasiri nipo getini. Mlinzi anaangalia tiketi, ananiangalia mimi, anatikisa kichwa. Kumbe saa kumi yake ni ile ya kizungu, yaani saa nne asubuhi! Hela imekwenda na majumba ya wafalme sikuyaona.

Halafu ikaja ile wiki yao ya kabla ya Pasaka. Hakuna aliyeniambia kitu. Natoka maktaba usiku, nakata kona, nakutana na msururu wa watu wamevaa kanzu na makofia marefu yamechongoka juu na kufunika uso mzima, matundu mawili tu ya macho, mishumaa mkononi, ngoma inapigwa polepole. Na mweusi mtaa mzima ni mimi peke yangu. Shangazi nilikimbia viatu vikiwa mkononi.

Sasa kuna kifurushi cha mwezi wa tano, safari ya Córdoba, safari ya Sevilla na masomo matano ya flamenko, yuro 145, mwisho wa kulipa Ijumaa. Hela ninayo ila niliitenga nimnunulie mdogo wangu simu. Wenzangu wanasema nisipolipa nitarudi Afrika sijaona kitu. Mama naye, tangu mjomba amwonyeshe picha yangu nimeshika sketi ya flamenko, kila simu ni "umekwenda kusoma au kucheza ngoma?" Nilipe au nisilipe? Na mama nimwambieje?

Mtanga wa Granada

---

Marahaba mwanangu.

Usilipe. Nakupa jibu mapema maana Ijumaa haisubiri, sababu zinakuja huko chini, na sababu ya kwanza siyo mama yako.

Nisamehe lakini kwenye hiyo saa kumi nimecheka hadi nimejifuta macho. Mi mwenyewe nilisoma mji huo huo miaka mingi imepita, na nikakosa basi la Málaga kwa ugonjwa huo huo, tangu siku hiyo saa naandikiwa kwa tarakimu, 10:00 au 16:00, sitaki maneno. Tiketi ya Alhambra kata mwenyewe kwenye tovuti yao rasmi, na kata leo, maana za mwezi wa tano zinaisha wiki kadhaa kabla. Inatoka na jina lako kwa hiyo pasipoti utembee nayo, na ile saa iliyoandikwa ni ya kuingilia majumba ya wafalme, ukipitisha ndo basi tena kama ulivyojionea. Bustani na ngome unaweza kuzunguka kwa nafasi yako kabla au baada.

Na uende mwenyewe, au na mtu mmoja. Usiende na kundi la ratiba, nitakwambia kwa nini. Kundi letu lilikuwa na kiongozi mzuri tu, anatuonyesha ukuta anasema tazameni mapambo haya. Wenzangu wanapiga picha mapambo. Mi nimesimama pale, mtoto wa chuo cha Kurani, niliyechapwa fimbo za vidole kwa sababu ya alifu na be, macho yanaanza kushika herufi moja, mbili, tatu, mara neno linajisoma lenyewe: *wa la ghaliba illa Allah*. Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Nageuka ukuta wa pili, lipo. Juu ya mlango, lipo. Kwenye tao, kwenye kigae, lipo, mamia kwa mamia ya mara, ndo ilikuwa kaulimbiu ya wafalme wa Banu Nasr waliotawala hapo kuanzia 1238 mpaka wakakabidhi funguo tarehe 2 Januari 1492. Nikaanza kusoma kwa sauti, kiongozi akanyamaza. Kule kwenye ua wa simba, lile beseni linalobebwa na simba 12 limezungushiwa shairi ukingoni, la Ibn Zamrak, aliyekuwa mshairi na waziri wa hapo hapo. Zile nakshi zimebanana, mi sikuwahi kulimaliza, ila kulitambua kwamba ni shairi na siyo maua peke yake tayari ni kitu. We umetoka Tanga, nina hakika hukukosa madrasa, na kama kwenu kuna bibi aliyekuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu utanielewa zaidi. Hao wenzako wanaokuambia utarudi hujaona kitu, wao ndo wamepita pale hawajaona kitu.

Usijione mgeni sana huo mji. Ibn Battuta unamjua, yule Mmoroko aliyepita Mombasa na kufika Kilwa mwaka 1331. Basi miaka kama 20 baadaye, karibu 1350, akaingia Granada, akakaa kwenye bustani ya mtu anasimulia safari zake, na kati ya waliokaa kumsikiliza alikuwepo kijana wa hapo anaitwa Ibn Juzayy. Huyo kijana ndo baadaye kule Fez akamwandikia zile habari zote kwa ombi la sultani. Kwa hiyo yanayosomwa leo kuhusu Kilwa ya zamani, watu wake na ukarimu wa sultani wake, yamepita kwenye kalamu ya mtu wa Granada. Hii kwenye ratiba ya Jumatatu hutaikuta.

Hata hicho Kihispania cha mbio kina ndugu zako ndani. Kila siku unaagwa *hasta luego*, hiyo *hasta* ni hata yetu, zote mbili zimetoka *hatta* ya Kiarabu. *Fulano* ni fulani. *Azúcar* sukari, *aceituna* zeituni, *azafrán* zafarani. *Rehén* kwao ni mateka, kwetu rehani ni kitu ulichowekesha kwa mkopeshaji, mzizi mmoja. Na *alcalde*, mkuu wa mji, ni kadhi aliyebadilishiwa kazi. Mi nilikuwa na daftari la haya maneno, nikimwonyesha mtu yeyote baa hiyo meza inageuka kunisikiliza, jaribu.

Baa sasa. Kukaa au kutokaa sikuamulii, hilo liko kati yako na dini yako. Ila elewa kwamba neno ni lile lile, kitu ni tofauti. Baa ya kwetu mama akikuona mlangoni ni msiba. Kule asubuhi unamkuta bibi kizee na mjukuu wake wanakunywa kahawa ya maziwa na mkate uliochomwa, umepakwa nyanya ya kusaga na mafuta ya zeituni, ni mgahawa huo, jioni ndo unabadilika. Tatizo lako mi naona ni saa, wenzako hawana shida. Unakutana nao saa nne usiku wakati wao wameshachangamka na we umechoka. Waalike asubuhi. Au alasiri pale uwanja wa Bib-Rambla, mle churo na chokoleti nzito, hizo churo ni kama kaimati zilizonyooshwa zikakosa shira, na hilo jina la uwanja ni *Bab al-Ramla*, mlango wa mchanga. Watu wawili watatu, mnasikilizana, hakuna anayepiga kelele juu ya muziki.

Na siku ukikaa jioni agiza *mosto*, ni juisi ya zabibu haijachachuka, baa nyingi za Granada zinayo na msosi wa bure unaletewa kama wengine. Sema *sin cerdo*, bila nguruwe, kabla hakijatoka jikoni. Usiseme *sin carne*, bila nyama, ukadhani umemaliza, mi nilisema hivyo nikaletewa maharage mabichi yamerashiwa vipande vya paja la nguruwe lililokaushwa, namuuliza mhudumu hii si nyama, ananijibu kwa moyo safi kabisa, hapana, hiyo ni *jamón*. Wala usijione umeharibu starehe ya mtu, yule Mtaliano aliyekudaka mkono ndo rafiki yako wa kweli hapo mezani, umtafute.

Ile Ramadhani ya uji wa pakti imeniuma. Mwanangu, pale mtaa wa kale wa Albaicín, pembeni ya uwanja wa San Nicolás, ule ambao watalii wanajazana jua likizama, kuna msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2003. Bustani yake inatazama Alhambra uso kwa uso. Nenda Ijumaa. Utakuta Wamoroko, Wasenegali, na Wahispania wenyewe waliosilimu, na akina mama hawatakuacha ukae pembeni na juisi. Ukitelemka upite zile njia nyembamba, kuta nyeupe, mlango umefungwa huoni kitu ila harufu ya yasmini inatoka ndani, utaapa umepotelea Lamu.

Wale wa makofia. Pole sana, mi wa kwangu niliwaona mchana ndo maana sikukimbia. Wale ni watu wa vyama vya kanisa, wanafunika uso kwa sababu ni toba na mwenye kutubu hataki kuonekana nani, na wamevaa hivyo karne nyingi kabla ya wale wabaya wa Marekani wanaochukia weusi, Ku Klux Klan, hawajazaliwa. Nyuma yao linakuja jukwaa la sanamu kama linaelea lenyewe, kumbe chini kuna vijana kadhaa wamelibeba shingoni, huwaoni ila viatu. Nyuma ya kofia moja angeweza kuwa mwanafunzi mwenzako wa maabara. Siilaumu miguu yako lakini, hao wa ofisi iliyokuleta walitakiwa wakuambie mapema, ratiba wanajua kutuma.

Nakuja kwenye yuro 145. Córdoba ni mji wa kwenda, sibishi, ule msikiti ulioanza kujengwa mwaka 785 na kanisa kuu kupandwa katikati yake sijui nikuelezeje, misitu ya nguzo na matao mekundu na meupe. Ila basi la kawaida linakufikisha kwa masaa mawili matatu, unakwenda siku unayotaka, unakaa unavyotaka, kwa hela kidogo. Usijaribu kuswali mle tu, walinzi watakutoa. Sevilla ikibaki hela, isipobaki iache, hakuna mtihani wa Sevilla. Flamenko ya masomo matano ya wageni sina imani nayo, mnafundishwa kusimama vizuri kwenye picha, na picha imeshakuletea balaa. Kama umeipenda kweli, anzia kwenye makofi. Jioni panda Sacromonte kwenye yale mapango ya Wagitano au nenda *peña* ya La Platería, chama cha wapenzi wa flamenko tangu 1949, kaa nyuma usikilize wanavyopiga makofi. Mzunguko mara nyingi ni wa mapigo 12 lakini mkazo hauanguki pale unapoutegemea, siku tatu za kwanza utakosea. Mtoto wa pwani siku ya nne utashika, damu ya ngoma unayo, na hilo mama yako analijua kuliko mimi.

Badala ya kifurushi tafuta kitu kimoja kinachojirudia kila wiki, siku moja, saa moja, watu wale wale. Mi cha kwangu kilikuwa *intercambio*, unakaa na Mhispania, nusu saa lugha yako nusu saa yake. Wengi wanataka Kiingereza, mpe, ila weka tangazo kwamba unafundisha na Kiswahili uone atakayejitokeza. Wa kwangu alikuwa msichana anayesomea uuguzi anataka kwenda Tanzania kujitolea. Wiki ya kwanza tulitazamana. Wiki ya tatu akanipeleka kijijini kwao kuchuma zeituni, wiki ya tano babu yake ananiuliza kwa nini sijaja Jumapili iliyopita. Nilipokea mafuta ya zeituni kwenye chupa za soda, lita tano, uwanja wa ndege wakaninyang'anya, nililia.

Na kabla hujarudi, tafuta jina la Juan Latino. Mwafrika mweusi, aliletwa Granada mtumwa katika nyumba ya kabaila wa Sessa, kazi yake kumbebea bwana mdogo vitabu darasani. Akawa anasikiliza. Akaishia kuwa mwalimu wa Kilatini mji huo huo, na mwaka 1573 mashairi yake ya Kilatini yakachapishwa, na humo mwenyewe akajiita Mwethiopia. Chuo chenyewe kilikuwa na miaka 42 tu wakati huo, kilianzishwa 1531. Siku ukijiona peke yako mtaa mzima, jua kuna mtu alishakutangulia.

Tarehe 3 Mei ndo hii inakuja, siku ya Misalaba. Mitaa na nyua nyingi zinawekwa misalaba ya maua mekundu, na mbele yake vitu vya nyumbani, sufuria za shaba, vyungu, mitandio. Hiyo nenda na wenzako wote, ni bure na ni mchana. Angalia chini ya msalaba utaona tofaa limechomekwa mkasi. Aina hiyo ya tofaa wanaiita *pero*, na *pero* kwa Kihispania ni "lakini", basi wanaichoma mkasi mapema ili asije mtu akasema msalaba wenu mzuri, lakini... Kinga ya kijicho hiyo, kwetu tungefukiza ubani.

Mama yako usimwandikie maelezo marefu, hayasaidii. Siku ya Alhambra ukiwa ndani mpigie simu ya video, usimwonyeshe uso wako, geuza kamera ukutani na umwambie asome. Atasoma. Mjomba naye akiwepo asome.

Simu ya mdogo wako nunua, na huyo Mkongo wako mwambie akikuandikia tena "saa kumi" aongeze neno asubuhi.

Shangazi